Tuwaambie Nini Watoto Wanapoogopa?

Mwezi huu hatutazungumza juu ya mapishi wala ushonaji. Tutazungumza juu ya filamu ya watoto. Msituhukumu upesi, dada zetu, mkasema kwamba ukurasa wa akina mama sasa umekosa la kusema. Filamu hiyo ilitukumbusha deni letu wenyewe la siku nyingi, na huenda baadhi yenu mnalo deni kama hilo.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nguo hazikauki, uwanja umejaa matope, na watoto wamejazana sebuleni wakigombea mto mmoja wa kiti. Shemeji yetu alikuwa ametuachia filamu kwenye flashi, akasema tu, "Hii haina bunduki wala matusi, shemeji." Tukaiwasha, kisha tukaketi nyuma ya watoto na ungo wa mchele mapajani, tukikusudia kuchambua mchele huku tukitupa jicho mara moja moja. Mchele huo haukuchambuliwa mpaka filamu ilipokwisha. Siku hiyo tulikula saa kumi.

Filamu yenyewe inatoka Ufini, nchi ambayo wengi tunaiita Finland. Hapa Afrika Mashariki tunawafahamu Wafini hasa kupitia wamishenari wa Kilutheri waliofanya kazi Tanzania. Jina la filamu kwa lugha ya kwao ni "Muumi ja punainen pyrstötähti", yaani Muumi na nyota nyekundu yenye mkia. Ilitoka mwaka 2010, na inachukua saa moja na robo hivi. Si katuni ya kuchorwa. Ni vikaragosi vilivyovishwa kitambaa kizito cha sufu: kikaragosi husogezwa kidogo, picha hupigwa, husogezwa tena, picha nyingine hupigwa, hivyo hivyo mamia ya picha kwa dakika moja. Vikaragosi hivyo vilipigwa picha huko Poland tangu mwaka 1977 hadi 1982 kwa ajili ya vipindi vya televisheni. Miaka mingi baadaye Wafini wakazichukua picha zile za zamani, wakazisafisha na kuziunga kuwa filamu moja. Ndiyo maana ina utulivu ambao hauonekani katika filamu nyingi za siku hizi. Hakuna anayepiga kelele bure.

Viboko wasio na kiboko

Mara tu Muumi alipotokea, mdogo wetu alipiga kelele, "Mama, tazama, viboko!" Na kweli wanafanana na viboko: weupe, wanene, pua kubwa ya duara, mkia mwembamba nyuma. Wanakaa katika bonde lenye msitu na mto, karibu na bahari. Kuna Baba Muumi mwenye kofia ndefu. Kuna Mama Muumi mwenye aproni na mkoba mweusi. Kuna Muumi mtoto na rafiki zake: Nipsu, mwoga na mwenye tamaa, na msafiri mmoja mwenye kofia ya kijani anayelala katika hema na asiyetaka kumiliki kitu chochote asichoweza kukibeba. Mkubwa wetu, anayejua Kiingereza cha kutosha, akawa mfasiri wa wadogo zake.

Tuliangalia familia hiyo kwa muda, ndipo tukatambua jambo moja la kuchekesha: katika nyumba ya viboko hawa hakuna kiboko. Mtoto akija na rafiki, sahani inaongezwa. Akiharibu kitu, kinatengenezwa. Mama Muumi anatembea na mkoba wake popote, na ndani yake, tunasoma katika vitabu, kuna vitu vya kuokoa jahazi papo kwa papo: soksi kavu, peremende, waya, dawa ya tumbo. Ni mama gani kati yetu ambaye hautambui mkoba huo? Wetu una pini, leso, biskuti iliyovunjika na nusu ya penseli.

Lakini tusiende mbali kabla ya kujibu swali la jirani yetu mmoja. Alipowakuta watoto wakiitazama filamu hiyo kwa mara ya pili, alituuliza kwa sauti ya chini, "Hao si mazimwi? Mnaingiza nini ndani ya nyumba ya Wakristo?" Hatukumcheka, kwa maana swali la mama anayelinda mlango wa nyumba yake si la kuchekwa. Ni kweli, katika lugha ya Wafini neno wanalomwita Muumi mtoto lina maana ya zimwi la msituni. Lakini tulimkumbusha jirani kwamba yeye na sisi tulilelewa na bibi waliotusimulia habari za sungura anayemlaghai fisi na za zimwi linalobeba watoto katika ngoma. Hatukuwaabudu wala hatukuwaita mapepo. Tulijifunza kwao werevu na uchoyo vinavyofanana. Muumi ni wa ukoo huo. Hapigi ramli, hatabani, haiti roho. Anakula chapati za maji na kuogelea. Jirani aliketi, akatazama hadi mwisho, na tulipomwaga chai alisema neno moja tu: "Yule mama!"

Siku mbingu ilipokuwa nyekundu

Na kweli, jambo lenyewe ni yule mama. Hadithi inaanza asubuhi moja ambapo bonde zima limefunikwa na vumbi la kijivu. Miti, maua, ngazi za nyumba, vyote kijivu. Watoto wanamwendea panya mmoja wa majini ambaye amejifanya mwanafalsafa, naye badala ya kuwatuliza anawaambia kwamba mambo huwa hivi pale maangamizi yanapokaribia kutoka mbinguni. Kisha anaendelea kulala katika kitanda cha kamba. Nyota yenye mkia inakuja kuiangukia dunia.

Akina mama, mnawajua watu wa namna hiyo. Kila mtaa una wake. Anatupa neno la kutisha mbele ya watoto, kisha anakunywa chai yake. Siku hizi ameingia hata ndani ya simu: anatuma picha ya mafuriko, ya vita, ya ugonjwa, akaandika chini yake kwamba mwisho umefika, na mtoto wetu anaisoma kabla yetu.

Basi wazazi wa Muumi wanafanya nini? Kitabu ambamo filamu imetolewa kinaeleza vizuri. Wanawaona watoto wamekaa kimya, hawachezi. Mama hasemi, "Nyamazeni, hakuna kitu." Wala hakai nao kulia. Yeye na baba wanashauriana, wanaona kwamba hofu inawala watoto kwa sababu hawana la kufanya. Basi wanawatuma. Waende kwenye milima ya mbali, ambako kuna maprofesa wenye darubini kubwa, wakaulize ukweli wa habari hii, kisha warudi wawaambie. Mama anawafungia nguo za sufu na dawa ya tumbo.

Watoto wanafika. Profesa ana hesabu zake tayari: nyota itaanguka saa 2:42 usiku, pengine sekunde nne baadaye. Muumi anapomwuliza ni nini kitakachotokea wakati huo, profesa anajibu kwamba hilo hajalifikiria. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ni rahisi kujua saa na sekunde ya jambo. Kumjibu mtoto anayeuliza "Na sisi je?" ni kazi nyingine kabisa.

Safari ya kurudi ndiyo sehemu inayotisha. Mbingu ni nyekundu, joto linazidi, na bahari imekauka. Watoto wanavuka sakafu ya bahari wakitembea juu ya miti mirefu kama wacheza ngongoti, kati ya mabaki ya meli. Mdogo wetu alijificha nyuma ya kanga yetu. Na nyumbani, wakati huo huo, mama anafanya nini? Katika kitabu, anapamba keki. Anaandika juu yake kwamba ni ya Muumi wake mpenzi.

Hapo mkubwa wetu aliuliza, "Mama, huyu ana akili? Dunia inakwisha, yeye anapika keki!" Hatukuwa na jibu wakati huo. Jibu lilikuja filamu ilipoendelea. Watoto wanarudi na habari, na wanajua pango salama. Mama anawasikiliza. Hawaambii kwamba wao ni watoto tu. Papo hapo nyumba nzima inafungashwa katika mkokoteni: blanketi, vyombo, hata beseni la kuogea, na keki pia. Wanaziba mlango wa pango kwa blanketi, wanakaa gizani pamoja, nyota inapita kwa kishindo ikiigusa dunia kwa mkia wake tu, na kuondoka. Asubuhi bahari inarudi. Na keki? Katika kitabu, yule panya mwanafalsafa aliikalia. Watoto wetu walipoambiwa hilo walicheka mpaka machozi, na hofu yote ikaisha kwa kicheko hicho.

Aliyeandika alijua hofu

Tulidhani ni hadithi tamu tu ya watu wa nchi tajiri yenye amani. Tulipotafuta habari zake tukaona tulikosea. Mwandishi ni Tove Jansson, aliyezaliwa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwaka 1914, na kufariki mwaka 2001. Aliandika kwa Kiswidi, lugha ya baadhi ya wananchi wa huko, na michoro ya vitabu ni yake mwenyewe. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliivamia Ufini, na mabomu yakaanguka Helsinki siku hiyo hiyo. Vita hivyo, pamoja na vile vilivyofuata, vilidumu kwa vipindi hadi mwaka 1944. Ndugu yake Tove alipelekwa mstari wa mbele. Watu zaidi ya 400,000 walihama makwao katika jimbo la Karelia. Watoto wapatao 70,000 walipelekwa nchi jirani, wengi wao Sweden, wakiwa wamevikwa kitambulisho shingoni, ili wapate usalama na chakula. Wengine waliporudi walikuwa wamesahau lugha ya mama zao. Wengine hawakurudi kabisa.

Katika majira hayo Tove alianza kuandika habari za Muumi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, nacho kinaanza na mama na mtoto wake wakipita katika msitu wenye giza wakimtafuta baba aliyepotea. Ni wanawake wangapi wa Ufini walikuwa wakifanya hivyo hivyo kweli? Kitabu cha nyota yenye mkia kilifuata mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya mabomu ya atomiki kuanguka Japani. Kwa hiyo mbingu nyekundu katika filamu hii si mchezo wa kuigiza. Mwandishi aliwahi kusikia ving'ora na kukimbilia chini ya ardhi.

Na Mama Muumi? Tove alimtoa kwa mama yake mwenyewe, Signe Hammarsten, waliyemwita Ham kwa ufupi. Alikuwa binti wa mchungaji wa Kanisa huko Sweden, na katika ujana wake alishiriki kuanzisha skauti wa kike katika nchi hiyo. Aliolewa na mchonga sanamu ambaye kipato chake hakikutabirika, basi yeye akawa mhimili wa nyumba: alichora stempu za posta za Ufini, akachora picha za vitabu na magazeti, akalea watoto watatu. Alifariki mwaka 1970. Mwaka huo Tove alitoa kitabu chake cha mwisho cha hadithi ndefu za Muumi, na katika kitabu hicho familia haipo. Wageni wanakuja nyumbani kwao mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake, wakimhitaji Mama, nao wanakuta nyumba tupu. Sisi tuliofiwa na mama zetu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Viatu vilivyokuwa chini ya kitanda

Sasa tulipe deni tulilolitaja mwanzoni.

Miaka kadhaa iliyopita baba watoto aliugua tumbo. Vipimo vilionyesha uvimbe, ikabidi alazwe mjini afanyiwe upasuaji. Tulikubaliana, tukiona ni hekima, kwamba watoto wasijue. Tukawaambia, "Baba amesafiri kikazi." Mbele yao tulitabasamu. Usiku tulilia bafuni tukiwa tumefungulia bomba ili wasisikie. Simu ilipolia tulitoka nje na kunong'ona karibu na kibanda cha kuku.

Mkubwa hakuuliza. Mdogo alikuwa mchanga bado. Lakini wa kati, aliyekuwa na miaka saba, akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu zamani. Siku ya kwanza tulibadilisha shuka kimya. Siku ya pili tukamkaripia. Siku ya nne, akina mama, tunakiri mbele yenu, tulichukua fimbo.

Siku ya tisa tulikuwa tukifagia chini ya kitanda chake, ufagio ukagonga kitu. Kilikuwa kimefungwa katika sweta ya shule. Tukafungua, tukakuta viatu vyeusi vya baba yake, vile vya kazini. Tukamwita na kumwuliza ni nini hiki. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Baba hakusafiri kikazi. Viatu vyake vya kazi hivi hapa." Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Alikufa lini?"

Siku tisa mtoto wa miaka saba alikuwa akiishi na baba aliyekufa, peke yake, chini ya paa moja nasi. Tulipopata sauti tulimwuliza, "Mwanangu, mbona hukuniuliza?" Akajibu, "Nilifikiri wewe hujui, mama."

Jibu hilo hatujalisahau. Sisi tulidhani tunamlinda yeye, kumbe yeye alikuwa akitulinda sisi. Tulimwambia ukweli wote jioni ile ile: baba ni mgonjwa, ana uvimbe tumboni, madaktari wataukata, nasi tunaogopa kidogo, na tunamwomba Mungu. Alilia sana, akala ugali sahani mbili, akalala. Asubuhi kitanda kilikuwa kikavu. Siku ya kuwaona wagonjwa tulimchukua, naye akabeba viatu vile ndani ya mfuko, akaviweka chini ya kitanda cha baba yake ili avikute siku ya kutoka. Tunamshukuru Mungu, uvimbe haukuwa wa saratani, na baba yao alivivaa viatu hivyo akarudi navyo nyumbani.

Tulichojifunza kwa yule mama

Wazee walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tumeanza kuisoma methali hiyo kutoka upande wa mtoto pia. Hofu anayoijua jina humng'ata, lakini haimmalizi. Hofu isiyo na jina humla mpaka mifupa, kwa maana mtoto akinyimwa habari hujitungia yake, na anayoitunga huwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Kwanza, basi, tumwambie ukweli unaolingana na umri wake. Mtoto wa miaka minne anatosheka na "Baba anaumwa tumbo, daktari anamtibu." Wa miaka kumi atataka kujua zaidi, naye apewe. Tusiseme uongo, wala tusiahidi tusichokuwa na uwezo nacho. "Hakuna litakalotokea" si neno la kusema. "Lolote likitokea tutakuwa pamoja" tunaweza kulisema na kulitimiza. Na asipouliza tusidhani hajui. Tumwulize sisi: "Umesikia nini? Unafikiri ni nini?"

Tena, tusiogope maarifa. Baada ya filamu watoto wetu waliuliza kama nyota yenye mkia inaweza kutuangukia hapa. Tulikaa nao tukatafuta. Nyota yenye mkia si nyota hasa, ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua. Likikaribia jua barafu hugeuka mvuke, na mvuke huo pamoja na vumbi ndio mkia tunaouona. Ile inayoitwa Halley huonekana kila baada ya miaka 76 hivi. Ilipita mwaka 1986, na inatazamiwa tena mwaka 2061. Na mawe kutoka angani huanguka kweli: kimondo cha Mbozi kiko mkoani Songwe nchini Tanzania, na leo watu huenda kupiga picha kando yake. Watoto walifurahi kuliko walivyoogopa. Mdogo wetu ameshapanga kuitazama Halley na wajukuu zake.

Pili, tumpe kazi ya kweli. Muumi mtoto hakutumwa ili awapishe wakubwa tu. Habari aliyoileta, na pango alilolijua, ndivyo vilivyookoa nyumba. Mtoto wetu alipobeba viatu hospitalini alikuwa na kazi. Wakati wa shida mtoto anaweza kubeba chupa ya chai, kumwandikia bibi barua, kumchezesha mdogo wake. Lakini tuwe na kiasi. Kumpa mtoto kazi si kumbebesha mzigo wa mtu mzima. Asiwe yeye wa kutufuta machozi kila usiku, wala wa kuhesabu fedha za dawa.

Tatu, chakula kiwe saa yake. Sasa tunaweza kumjibu mkubwa wetu kuhusu keki. Mama Muumi hakupika kwa sababu hakujua hatari. Alipika kwa sababu watoto walikuwa njiani, na mtoto anayerudi kutoka kwenye hofu anahitaji kukuta meko ina moto. Uji wa asubuhi, kuoga, sala ya jioni, hadithi kabla ya kulala: katika siku za shida mambo haya madogo ndiyo nguzo. Mtoto akiona yanaendelea anajua kwamba dunia yake bado imesimama.

Na mama naye je?

Huenda dada mmoja anasema, "Mnatutwisha mzigo mwingine. Tuwe watulivu wakati wote kama kikaragosi cha sufu?" Hapana, dada. Hata Mama Muumi alichoka. Katika kitabu cha mwaka 1965, Baba Muumi anajiona hana kazi katika bonde lenye raha, basi anaihamisha familia nzima hadi kisiwa cha mawe chenye mnara wa taa. Mama anakwenda kwa ajili yake. Lakini huko hakuna udongo wa kupanda waridi, na upepo haukomi. Anaanza kuchora bustani yake ya zamani kwenye ukuta wa mnara, maua na miti, mpaka siku moja anaingia ndani ya mchoro na kujificha humo. Familia inamtafuta haionekani. Yeye amelala nyuma ya mti aliouchora.

Tuliposoma hayo tuliweka kitabu chini. Wangapi kati yetu tuna ukuta wa namna hiyo? Tunapika, tunafua, tunajibu kila anayeita, na moyo wetu uko mahali pengine, nyuma ya mti. Mama asiye na mahali pa kutua hofu yake ataitua juu ya mtoto, kwa fimbo au kwa ukali, kama tulivyofanya sisi siku ile ya nne. Basi tuwe na mtu: mume, dada, mama mzee wa jumuiya, rafiki mmoja anayeweza kusikia bila kusambaza. Tumweleze waziwazi kwamba tunaogopa. Nanyi akina baba mtakaousoma ukurasa huu kwa siri, kama tunavyojua mnavyofanya, mwulizeni mama watoto swali moja leo usiku: "Na wewe, unaogopa nini?"

Mkitaka kuitazama

Filamu hii inawafaa watoto wa miaka mitano na kuendelea, mradi mtu mzima akae nao. Msiwape flashi mkaenda sokoni. Sehemu ya bahari iliyokauka na mbingu nyekundu inaweza kumtisha mdogo. Mwekeni karibu, mwambieni kwamba keki inapikwa. Ikiisha msizime na kuwatawanya watoto. Zungumzeni nao. Sisi tuliuliza maswali haya matatu, na mazungumzo yakaenda hadi wakati wa kulala:

Ni nani katika hadithi aliyeogopa zaidi, na alionyeshaje?

Kwa nini wazazi waliwaacha watoto waende milimani?

Kuna jambo lolote unalolijua, na unafikiri mama halijui?

Swali la tatu ulizeni polepole, tena msiwe na haraka ya jibu. Kwetu sebule ilinyamaza kwa muda. Kisha yule wa kati, ambaye sasa sauti yake imeanza kuwa nzito, akacheka na kusema, "Siku hizi nikitaka kujua naangalia viatu, halafu nauliza." Nasi tukacheka naye, tukaenda kuchambua mchele.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutawasimulia hadithi nyingine ya mwandishi huyu, ya mtoto wa kike aliyesemwa vibaya nyumbani mpaka akawa haonekani kwa macho. Mpaka hapo, akina mama, tunawatakia amani majumbani mwenu.